KIINGEREZA CHA KILA SIKU: "Myself" na Ndugu Zake

Afikiriye kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza ana silabi moja ndogo imtiayo mashakani kuliko maneno marefu yote ya kamusi. Silabi hiyo ni "ji". Mtu husema najiona, unajiona, anajiona, tunajiona, na silabi haigeuki hata kidogo. Awe mmoja au wengi, awe mume au mke, "ji" ni ile ile. Kiingereza hakina raha hiyo. Kina maneno manane, na kila moja lina mtu wake: "myself" ni la asemaye peke yake, "yourself" la aambiwaye mmoja, "himself" la mwanamume, "herself" la mwanamke, "itself" la kitu au la mnyama, "ourselves" la wasemao wengi, "yourselves" la waambiwao wengi, na "themselves" la wasemwao wengi.

Kwa wingi, "self" hugeuka kuwa "selves", kama vile "leaf" ligeukavyo kuwa "leaves". Mwenyekiti awaambiaye wanachama mia "Do it yourself" kwa kweli amesema na mmoja tu, na wale tisini na tisa waweza kukaa kitako bila kosa. Neno "ourself" lilikuwa likitumiwa na wafalme, ambao hujiita "sisi" ijapokuwa ni mmoja. Karani wa chama cha ushirika si mfalme, basi na aandike "ourselves".

Mawili katika hayo manane huwatesa watu zaidi. Atazamaye "myself", "yourself" na "ourselves" huona mara moja ya kuwa neno la mbele ni lile la kumiliki: "my", "your", "our". Kwa hiyo akili humwambia aseme "hisself" na "theirselves". Akili hiyo si mbaya, kwani wako Waingereza wa mashambani kwao wasemao hivyo hivyo tangu kuzaliwa. Lakini Kiingereza cha barua na cha shule hukikataa kabisa kisemi hicho. "Himself" na "themselves" yameshika "him" na "them", nayo yamekaa hivyo tangu zamani sana.

Yafaa kujua jambo moja la zamani hizo, maana ndilo lililozaa taabu yote. Miaka elfu moja na zaidi iliyopita, Waingereza hawakuwa na neno maalum la kufanya kazi ya "ji". Walitumia "him" tu, na msikilizaji akabaki kukisia kama mtu alimkata mwenziwe au alijikata. Neno "self" lilikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa kutia nguvu, kama "mwenyewe" katika Kiswahili. Baadaye, kidogo kidogo, likapewa na kazi ya "ji" ili kuondoa wasiwasi. Hivyo neno moja likabeba mizigo miwili, na mpaka leo linaibeba.

Kiswahili hakikufanya hivyo. Kimezitenga kazi hizo mbili mbalimbali. "Ji" huonyesha ya kuwa tendo limemrudia mtendaji: "Mkulima alijikata", yaani "The farmer cut himself". Nayo "-enyewe" hutia nguvu tu, ili msikilizaji asidhani ni mtu mwingine: "Chifu mwenyewe alikuja", yaani "The chief himself came". Katika Kiingereza neno ni moja, "himself", mahali pote pawili. Basi msemaji wa Kiswahili ana kipimo ambacho hata Mwingereza hana nyumbani kwake. Kabla ya kuandika neno liishalo kwa "self", na ajiulize angesemaje kwa Kiswahili. Akikuta "ji" au "-enyewe", aghalabu neno lina haki ya kuwapo. Asipokuta moja katika hayo, na alitilie shaka.

Kuna kipimo cha pili, chepesi zaidi, cha kujua ni kazi ipi. Liondolewe neno. Ukiondoa "himself" katika "The chief himself came", sentensi yabaki nzima: chifu alikuja. Ukiliondoa katika "The farmer cut himself", sentensi yabaki na jeraha. Mkulima alikata, lakini alikata nini?

Katika kutia nguvu, mahali pa neno pana adabu yake. "I myself saw the leopard" ni sawa, na "I saw the leopard myself" ni sawa vilevile. Lakini "Myself, I am a farmer from Meru" ni Kiswahili kilichovaa koti la Kiingereza. Asemaye "Mimi mwenyewe ni mkulima" amesema vizuri kwa lugha yake. Kwa Kiingereza inatosha "I am a farmer". "Mwenyewe" ina maana nyingine tena ambayo "himself" haina, nayo ni mwenye mali. Mtu abishaye hodi na kuuliza "Mwenyewe yupo?" hawezi kuuliza "Is himself in?" mbele ya afisa wa benki, bali atauliza "Is the owner in?" Kadhalika shamba. "Hili ni shamba langu mwenyewe" si "This is my farm myself". Ni "This is my own farm". Hilo "own" ni dogo, lakini katika barua ya kuomba mkopo ndilo lisemalo kama ardhi ni ya mwombaji au ameikodi.

Sasa ije barua yenyewe. Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi za Kenya, lakini barua nyingi za kazi, za mikopo na za madai bado huandikwa kwa Kiingereza, na hakuna kosa lionekanalo ndani yake mara nyingi kama hili: "The chairman and myself will attend the meeting." Au: "Please reply to the secretary or myself." Kipimo cha kwanza chalikamata mara moja. Kwa Kiswahili mtu husema "Mwenyekiti na mimi tutahudhuria", wala hakuna "ji" wala haja ya "mwenyewe". Basi ni "The chairman and I will attend", na "Please reply to the secretary or me". Asiyejua achague "I" au "me" na amwondoe mwenziwe kwanza. Hakuna asemaye "Me will attend", wala asemaye "Reply to I". Baada ya kuchagua, na amrudishe mwenziwe mahali pake.

Kwa nini watu wazima, wenye elimu, huandika "myself" hapo? Kwa sababu huliogopa "I" kuwa lina majivuno, na huliogopa "me" kuwa ni la kitoto, maana shuleni wengi walipigwa kwa kusema "Me and Juma". Basi wakakimbilia "myself" kama mtu akimbiliaye mti wakati wa mvua. Waingereza nao hukimbilia mti huo huo, hata baadhi ya waandishi wao wakubwa wa zamani walisimama chini yake. Lakini msomaji mkali wa barua hatauliza habari za waandishi wa zamani. Malkia Elizabeth wa Pili, ambaye alirithi ufalme Februari 1952 alipokuwa huku Kenya, alijulikana duniani kote kwa maneno yake ya kuanzia hotuba, "My husband and I". Watu waliyataniatania maneno hayo miaka mingi, lakini hakuna aliyesema yana majivuno.

Kosa la barua ni la aibu tu. Yako mengine yageuzayo maana, na hayo hutoka katika vitendo vya Kiswahili vilivyozaliwa na "ji" ambavyo wenzao wa Kiingereza hawana "self". Kibaya kuliko vyote ni kujiuzulu. Mtu aliyechoka na kazi huandika "I have resigned myself". Kwa Kiingereza maneno hayo hayana maana ya kuacha kazi hata kidogo. "To resign oneself" ni kukubali jambo gumu lisiloepukika, kama mgonjwa akubalivyo ugonjwa wake au mkulima akubalivyo kuwa mvua haitanyesha mwaka huu. Kwa hiyo mwajiri akisoma barua hiyo, atafahamu ya kuwa mtu wake ameyakubali mateso yake na atakuwapo Jumatatu asubuhi. Aachaye kazi aandike "I resign" au "I wish to resign", akome hapo.

Kujiunga ni "join" tupu: "I wish to join the society." Kujisikia ni "feel": "I feel well today." Kujiandaa kwa mtihani ni "prepare for". Kujifungua nako kuna mtego. Baba aombaye ruhusa ya siku chache akaandika "My wife has delivered herself" amekaribia sana kusema ya kuwa mkewe ametoa hotuba, kwa maana "to deliver oneself of" husemwa juu ya mtu atoaye maneno mazito mbele za watu. Na aandike "My wife has given birth to a son", na ruhusa itakuja pamoja na pongezi.

Kujifunza ni "learn", lakini hapa Kiingereza kimempa mwombaji wa kazi zawadi ambayo wengi hawaichukui. "I learned book-keeping" ni nilijifunza uwekaji wa hesabu, labda shuleni. "I taught myself book-keeping" ni nilijifunza bila mwalimu, kwa vitabu vyangu na taa yangu. Kiswahili hutumia neno lile lile kwa hali zote mbili. Aliyejifundisha kweli, na aseme hivyo kwa Kiingereza, kwa sababu msomaji wa barua atapima bidii yake kwa neno hilo. Na katika kujibu, wala asitafute "self" yoyote, maana "ji" iliyomo ni ya shina la neno.

Viko na vitendo vilivyo kinyume cha hivyo. Kiswahili hakina "ji", lakini Kiingereza chadai "self". Tulifurahi sana katika arusi: si "We enjoyed", bali "We enjoyed ourselves". "Enjoy" halisimami peke yake. Lataka kitu cha kufurahiwa, kama chakula au ngoma, na kama hakuna basi lataka "self". Kosa hili ni la Afrika Mashariki nzima, na limekuwa la kawaida hata halichekwi tena, lakini katika barua rasmi bado ni kosa. Mtoto aambiwaye awe na adabu huambiwa "Behave yourself". Mtumishi aliyekosa kufika kazini bila ruhusa "absented himself from duty", na maneno hayo yafaa kuangaliwa vizuri na yule anayeshtakiwa nayo, kwa kuwa yanasema alijitoa kazini kwa hiari yake. Kama alikuwa hospitali, si kweli ya kuwa "he absented himself". Neno la haki ni "he was absent", kisha sababu ielezwe.

Kuoga na kuvaa viko katikati. "I washed, dressed and went to work" haina "self", kwa sababu kila mtu mzima huoga mwenyewe na hakuna haja ya kusema. Lakini juu ya mzee aliyekuwa hajiwezi, daktari akiandika "He can now wash himself", watoto wake na washukuru, maana "himself" hapo ni habari ya kupona.

Wengi wameulizana kimya kimya juu ya "Help yourself". Mgeni wa Kiswahili aliyekaribishwa mezani kwa Mwingereza, akaambiwa maneno hayo, akiyatafsiri neno kwa neno atapata "Jisaidie", na ataona haya kubwa, kwani kwa Kiswahili cha heshima kujisaidia ni kwenda msalani. Mwenyeji hakukusudia hayo. Amesema, "Jipakulie, usingoje kupakuliwa." Na kinyume chake, mgonjwa amwambiaye daktari "I want to help myself" hataonyeshwa choo. Labda atapewa maneno mazuri ya kutiwa moyo, huku haja yake ikizidi. Kwa Kiingereza cha adabu na aseme "May I use the toilet?"

Neno la "peke yake" nalo lina mpaka wake. "I dug the well myself" ni nilichimba mimi, sikumtuma mtu. "I dug the well by myself" ni nilichimba peke yangu, hapakuwa na mwenzangu. Na baada ya maneno ya mahali Kiingereza hupenda neno fupi: "She took the child with her", wala si "with herself".

Sasa yabaki yale ambayo mtu aweza kupoteza mali kwayo, au uhuru wake. Kiswahili kina kitendo kuumia, kisichomtaja aliyeumiza. Mfanyakazi aliumia alipokuwa akisafisha mashine ya kumenya kahawa. Hakuna "ji" hapo, hakusema alijiumiza. Lakini karani wake, ambaye amesikia Kiingereza cha watu, humwandikia "The worker injured himself while cleaning the machine". Sentensi hiyo si mbovu kwa sarufi, na Waingereza huisema hata juu ya ajali tu. Walakini imemweka mfanyakazi mahali pa mtendaji na mahali pa mtendwa pia, na mashine imesimama kando kama shahidi asiye na habari. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya fidia ya walioumia kazini humtaka mwajiri apeleke habari ya ajali kwa wakuu wanaohusika. Habari hiyo itasomwa na watu ambao hawakuwapo, wenye karatasi tu mbele yao. Kiingereza kilicho sawa na "aliumia" ni "was injured", na kilicho bora zaidi ni kueleza lililotokea: "His hand was caught in the machine." Hapo mashine nayo imetajwa.

Kadhalika katika ugomvi. Majirani wawili walipigana mpakani. Kiswahili kina "-ana" ya kutendana, na hakuna mtoto awezaye kuichanganya na "ji": walilaumiana si walijilaumu. Lakini kwa Kiingereza wengi huandika "They blamed themselves" kwa yote mawili. Waliolaumiana "blamed each other", kila mmoja akamnyoshea kidole mwenziwe, na shauri bado halijakwisha. Waliojilaumu "blamed themselves", yaani kila mmoja amekiri kosa lake, na kama ni hivyo wazee waweza kwenda nyumbani. Hebu fikiri maneno ya kwanza yatafsiriwe kwa ya pili mbele ya hakimu.

Tena kuna "him" na "himself". Jirani alisema ya kuwa mkulima alimkata: "The neighbour said that the farmer had cut him." Jirani ndiye mwenye jeraha, na mkulima ana la kujibu. Jirani alisema ya kuwa mkulima alijikata: "The neighbour said that the farmer had cut himself." Sasa mwenye jeraha ni mkulima, na hakuna wa kujibu neno lolote. "Himself" humrudia mtenda wa kitendo kilicho karibu nalo, yaani mkulima aliyekata, wala halirukii nyuma kwa jirani aliyesema. Kwa Kiswahili tofauti ni ya silabi moja, "m" au "ji", na sikio la mwenye lugha haliwezi kuikosa. Kwa Kiingereza mkono wa mtafsiri uliochoka saa kumi jioni waweza kuiongeza "self" bila kujua, kwa kudhani limekuwa neno la heshima zaidi.

Kwa ajili hiyo mtu aliyeandikiwa maneno yake kwa Kiingereza asikubali kutia sahihi mpaka asomewe tena kwa lugha aijuayo, polepole, sentensi kwa sentensi. Asiyejua Kiingereza hata neno moja aweza kuifanya kazi hii. Karani akifika penye "himself" na kusoma "alijikata", mwenye kitambaa cha damu mkononi ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema, "Hapana, bwana, sikusema hivyo."